Majibu kwa Wasomaji: Mzigo wa Kichwani na Miaka Mia ya Maisha ya Kigoma

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu namna maisha ya kila siku yalivyobadilika katika mikoa yetu ya magharibi tangu miaka ya 1920. Barua zimekuja kwa wingi kutoka Kigoma, Ujiji, Kasulu na Tabora, na hatuwezi kuzijibu zote. Tumechagua zile ambazo maswali yake yamerudiwa na wengi, na nyingine mbili tatu kwa sababu tu zimetufurahisha.

Mhariri, babu yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, husema kila jioni kwamba maisha ya zamani yalikuwa mazuri kuliko haya, kwa sababu hakuna aliyenunua chakula wala kulipia maji. Sisi wajukuu tunamjibu kwamba zamani ilikuwa taabu tupu. Mabishano hayaishi. Ni nini hasa kilichobadilika? (Msomaji wa Gungu, Kigoma)

Babu yako hasemi uongo, ila anaikumbuka nyumba ya zamani kwa upande wa yule aliyekuwa akisubiri chakula kiive. Muulizeni kwa adabu, jioni hiyohiyo: maji hayo yasiyolipiwa, nani aliyekuwa akiyachota?

Kwa maoni yangu, njia iliyo sahihi zaidi ya kuyapima mabadiliko ya karne hii katika mkoa wetu ni kuutazama mzigo wa kichwani: nani aliubeba, aliutoa wapi, na aliutua lini. Kabla ya reli, kitambaa, shanga, bunduki na kila kitu kingine kilichofika Ujiji kutoka pwani kilibebwa na binadamu. Wazungu Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Tabora baada ya siku 134, na Ujiji hawakuiona mpaka mwezi Februari 1858. Wapagazi wa misafara ya namna hiyo, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kilo 30 hivi kila mmoja, mbali na chakula chake na mkeka wake. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwendo wa kilomita 1,250 hivi ukawa ni wa siku chache tu. Ni kweli kwamba vita vilivyozuka mwaka huohuo viliwarudisha wanaume wengi katika upagazi, safari hii kwa kulazimishwa na majeshi ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, hao wa mwisho wakiwa ndio walioiteka Kigoma mwezi Julai 1916 na Tabora mwezi Septemba. Lakini vita vilipokwisha, upagazi wa masafa marefu haukurudi tena, na mwanamume wa Kigoma wa mwaka 1925 alikuwa ameshautua mzigo ambao baba yake aliubeba.

Mkewe hakuutua. Mwaka 1925 alikwenda kisimani na mtungi wa udongo. Baadaye alikwenda na debe la bati lililokuwa na mafuta ya taa. Kisha alikwenda na ndoo ya plastiki, ambayo ni nyepesi na haivunjiki, lakini njia ilikuwa ileile. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika ukapita, na sera ya maji ya mwaka 2002 ikaiandika tena shabaha ileile ya mita 400. Siwadharau waliochimba visima na kutandaza mabomba, kwa maana viko vijiji vingi ambavyo wasichana wake leo hawajui kabisa safari za alfajiri walizozijua bibi zao. Nasema tu kwamba mzigo wa mwanamume uliondolewa na reli katika muda wa miaka michache, na ule wa mwanamke umekuwa ukipunguzwa kidogo kidogo kwa miaka mia, na bado.

Nikilazimishwa kuchagua chombo kimoja tu kilichobadilisha siku ya nyumba ya Mha zaidi ya vingine, nitaitaja mashine ya kusaga, mbele ya simu na mbele ya televisheni. Kabla yake, ugali wa jioni ulikuwa na maana ya saa nyingi za kinu na mchi, au za kuinama juu ya jiwe la kusagia, na muhogo ulikwisha kudai kazi yake ya kumenywa, kulowekwa na kuanikwa. Mashine ya dizeli ilipofika kijijini ilidai fedha, jambo ambalo babu yako hulilalamikia, lakini ilizirudisha saa hizo mikononi mwa bibi yako. Kwamba saa zenyewe zilichukuliwa mara moja na kazi nyingine za shambani ni habari tofauti, ingawa ni ya kweli.

Kuhusu chakula kisichonunuliwa, mkumbusheni babu kwamba pale ambapo hakuna anayenunua chakula hapana pia anayekiuza, na mwaka mvua inapokosekana nyumba haina pa kwenda. Muhogo ambao leo tunauona kuwa ndio sisi wenyewe ulisisitizwa sana na serikali ya Waingereza kama akiba ya njaa, kwa sababu mzizi ulioko ardhini hauliwi na nzige, na huweza kungoja wakati mtama na ulezi umekwisha kuharibika.

Kuni, hata hivyo, ni eneo ambalo babu na wajukuu wote mtakubaliana, kwa kuwa humo mabadiliko ni machache. Jikoni mwa nyumba nyingi za Kigoma na Tabora bado mnawaka kuni au mkaa kama mwaka 1925, isipokuwa kwamba kuni zenyewe sasa ziko mbali zaidi, kwa sababu ya wingi wa watu na, kwa upande wa Tabora, kwa sababu ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tukijaliwa, mtatuandikia wakati huo.

Naomba kujua watu wa Kasulu na Kibondo walipata wapi fedha zamani, ikiwa hapakuwa na mazao ya biashara. Mwalimu wetu alitaja manamba lakini muda wa kipindi ukaisha. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kasulu)

Mwalimu wako alikuwa kwenye njia sahihi. Fedha haikuingia Buha, yaani nchi ya Waha, kwa sababu watu waliihitaji sokoni, bali kwa sababu serikali iliidai. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaitungia sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwanamume mzima alipaswa kutoa shilingi, na shilingi haikuota shambani kwake. Waliokaa kando ya ziwa waliweza kuuza dagaa na mawese, na waliokaribia Uvinza waliweza kupata kibarua cha chumvi, lakini wenzao wa nyanda za juu za Buha walikuwa mbali na reli na mbali na kila soko. Serikali ya kikoloni iliona hali hiyo kuwa inafaa ilivyo, kwa maana eneo lisilo na zao la kuuza huuza vijana wake.

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wengine kwa miguu katika miaka ya mwanzo, kisha kwa treni, na hao vibarua wa mkataba ndio walioitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, kilichojulikana kwa watu kwa jina la Silabu, na Kigoma ikawa mojawapo ya sehemu zake kubwa za kuchukulia watu. Kazi ilipimwa kwa ngwe, yaani sehemu ya shamba aliyopangiwa mtu kwa siku, na siku zilihesabiwa katika kipande, yaani kadi ya kazi: kilipotimia siku thelathini za kazi ndipo mtu alipolipwa, na siku ya ugonjwa au ya uvivu haikuandikwa. Mtu aliyesaini mkataba aliweza kuondoka mwanawe akiwa anatambaa na kurudi akamkuta anachunga mbuzi. Wengine hawakurudi, na ndiyo sababu hadi leo utawakuta wazee wanaozungumza Kiha vizuri katika vijiji vya Korogwe na Muheza.

Ninataka ulione hili katika habari ya mzigo niliyomjibu msomaji wa Gungu. Mwanamume alipoondoka, kazi yake ya kufyeka na kujenga haikuondoka naye, bali ilibaki nyumbani mikononi mwa mke na watoto. Kitambaa na baiskeli alivyorudi navyo manamba ndivyo vilivyoonekana na kijiji kizima kuwa ni maendeleo, wala sikatai. Gharama yake ilikuwa shambani, na haikuonekana.

Kuhusu fedha zenyewe, kwa kuwa umeuliza pembeni: rupie ya Wajerumani ilitumika mpaka vita, na wakati wa vita, walipokuwa wamezuiwa baharini, Wajerumani walifua sarafu zao Tabora mwaka 1916, miongoni mwao ya dhahabu ya rupie 15 yenye picha ya tembo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, na shilingi yetu ya Tanzania mwaka 1966.

Ndugu zetu waliokuwa mbali walitumaje fedha nyumbani kabla ya simu? (Msomaji wa Tabora mjini)

Kwa hawala ya posta, ambayo ilimlazimu mpokeaji afunge safari hadi mjini, au kwa kumkabidhi mtu mwaminifu aliyekuwa akipanda treni. Uaminifu wa mtu huyo ndio uliokuwa benki. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na tangu hapo anayesafiri hubeba nguo zake tu.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi. Wavuvi wazee wanasema kwamba zamani ziwa lilikuwa na samaki wengi kwa sababu watu hawakutumia taa. Vijana wanasema bila taa hakuna dagaa. Nani mkweli? (Mama wa Kibirizi)

Mama, wote wawili wana sehemu ya ukweli, na mzozo wao ni wa kale kuliko wanavyodhani, kwa sababu taa imekuwapo siku zote. Kilichobadilika ni nguvu yake. Wavuvi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka usiku usio na mwezi katika mitumbwi ya gogo moja, wakiwa wamewasha moto wa kuni au wa matete mbele ya mtumbwi, na dagaa walipokusanyika chini ya mwanga waliwachota kwa wavu wa mkono wenye mpini mrefu, uitwao lusenga. Mtu aliweza kuchota tu kile ambacho mikono yake iliweza kuinua, na moto wenyewe ulikula kuni nyingi na ulizimwa na upepo mdogo.

Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalikuja karibu kwa pamoja. La kwanza ni karabai, yaani taa ya mafuta ya kupampu, ambayo mwanga wake uliwavuta dagaa kutoka kina kirefu zaidi. La pili ni nyavu kubwa: wavuvi Wagiriki waliokuwa upande wa Burundi walianza kuvua kwa nyavu za kuzungushia, na nyavu za kuinua zinazoshikiliwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba zikaenea ukingoni mwa ziwa. Kuanzia hapo mavuno ya usiku mmoja hayakupimwa tena kwa mikono ya mtu mmoja. Siku hizi karabai zenyewe zinaondoka, nafasi yake ikichukuliwa na balbu ndogo zinazochajiwa kwa jua, ambazo hazizimwi na mawimbi na hazihitaji mafuta ya taa. Ukisimama Kibirizi au Katonga usiku wa giza utauona mstari wa mianga ziwani kama mji uliojengwa juu ya maji.

Kwa hiyo vijana wana haki kusema kwamba bila mwanga hakuna dagaa, na wazee wana haki kusema kwamba mwanga wa leo unawamaliza. Ila idadi ya watu nayo ihesabiwe. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 473,443 katika mkoa wa Kigoma; ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 2,470,967. Midomo imezidi mara tano, na upande wa Kongo, Burundi na Zambia watu nao wameongezeka, lakini ziwa ni lilelile. Ndiyo maana serikali ililifunga kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei 2024, hatua iliyokuumiza bila shaka wewe unayeuza, lakini ambayo nadhani itarudiwa, nasi tutaizoea kama tunavyozoea kusubiri mwezi uzame.

Jambo moja ambalo wazee hawalitaji ni uanikaji. Dagaa walianikwa mchangani, na wengi bado huanikwa hivyo. Mvua ikija ghafla katikati ya mchana, kazi ya usiku kucha huharibika. Chanja za waya zilizoinuliwa juu ya ardhi zinampa mchuuzi dagaa wasio na mchanga na bei iliyo nzuri zaidi. Hapo, mama, faida ni yako wewe kuliko ya mvuvi.

Kwa nini nyumba za kijiji chetu zimepangwa kwa mistari, wakati bibi anasema walikuwa wakikaa kila mtu na migomba yake? (Msomaji wa Buhigwe)

Kwa sababu ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Bibi anasema kweli: makazi ya Buha yalikuwa yametawanyika juu ya vilima, kila nyumba imezungukwa na migomba yake, na jirani alikuwa mtu unayemwita kwa sauti ng'ambo ya bonde. Chini ya siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, serikali iliwahamisha watu wakakae pamoja kando ya barabara, na Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishwa kwa mkupuo. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwaka 1976 nchi nzima ilitakiwa iwe imekwisha kuhamia.

Kuhamishwa kwenyewe hakukuwa jambo geni. Waingereza walikwisha kuwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930 ili kuwaondoa katika mapori ya mbung'o yaliyoeneza ugonjwa wa malale, na wapo wazee waliohamishwa mara mbili katika maisha yao.

Wasomaji wetu huligawa jambo hili katika pande mbili, wengine wakilisifu na wengine wakililaani, na mimi naona ni vigumu kulihukumu kwa jumla. Mgomba haubebeki. Uliachwa kilimani ukiwa na samadi ya miaka mingi miguuni mwake, na familia ikaanza upya katika ardhi ambayo hawakuijua, huku shamba likiwa mbali kwa mwendo mrefu asubuhi na jioni, mzigo wa mavuno kichwani. Hayo ni madhara, na waliohamishwa kwa nguvu, baadhi yao wakiwa wamebomolewa nyumba, hawastahili kuambiwa kwamba yalikuwa madogo. Lakini shule ya msingi kwa kila mtoto, iliyotangazwa kuanzia mwaka 1977, isingeweza kujengwa kwenye kila kilima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo vikundi vyake vya kusikiliza vilikuwa na watu wapatao milioni mbili nchini, iliwafanya watu wachimbe vyoo kwa sababu walisikiliza pamoja. Madarasa ya watu wazima, ambamo akina mama wengi wa umri wa bibi yako walijifunza kuandika majina yao, nayo yalihitaji watu wanaokaa karibu. Muulize bibi kama alihudhuria, na kama babu alimruhusu.

Je, ni kweli watu walikosa sabuni kabisa miaka ya themanini? (Msomaji wa Urambo)

Sabuni ya dukani, ndiyo, pamoja na sukari, vitenge na betri za redio. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 viliifanya nchi ikose fedha za kigeni, na foleni ya duka la ushirika ikawa sehemu ya siku. Kigoma haikuumia kwa namna moja na mikoa mingine, kwa kuwa mwenye mawese aliweza kutengeneza sabuni yake, Uvinza ilikuwa na chumvi tangu kabla ya Wajerumani, na vitenge vilivuka ziwa kutoka Zaire usiku, bila kupita forodhani. Ninyi wa Tabora mlikuwa na asali. Hali ilianza kulegea baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na mitumba ikafuata.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Vijana wa leo wanaona kujifungulia hospitali ni jambo la kawaida tu. Naomba uwaeleze hali ilikuwaje. (Muuguzi mstaafu, Ujiji)

Ungeeleza wewe vizuri zaidi, na safu hii iko wazi kwako. Mimi nitataja jambo moja lililoandikwa na madaktari wenyewe, kwa sababu lilitokea hapa na watu wa hapa hawalijui vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, walikuwa wakifariki akina mama 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake waliyachunguza mazingira ya vifo hivyo, wakaanzisha hatua 22 zilizotegemea zaidi watu na vifaa vilivyokuwapo kuliko fedha mpya, na kufikia mwaka 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186. Nalisisitiza hilo kwa sababu miaka hiyo ndiyo ileile ya foleni za sabuni, wakati nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyokuwa miaka kumi kabla. Maisha ya watu yaliweza kuwa bora ndani ya wodi moja wakati nje ya ukuta wake kila kitu kilikuwa kikididimia.

Kwa watoto, takwimu za taifa zinaonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 112 katika uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005, na 43 katika ule wa mwaka 2022. Ndui, ambayo makovu yake wazee wachache bado wanayo usoni, ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 1980. Na mama aliyezaa watoto wanane akiwazika watatu, jambo ambalo kizazi cha bibi zetu hakikuliona kuwa la ajabu, leo angeulizwa na jirani zake kuna nini.

Tunataka kumwandikishia bibi yetu apate cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini hajui mwaka wake. Anasema tu kwamba alizaliwa nzige walipokuja, na kwamba siku ya uhuru alikuwa na mtoto wake wa kwanza, bado ananyonya. Tunakisia mwaka 1931. Tuko sawa? (Wajukuu, Uvinza)

Sidhani. Mmeuchukua mwaka 1931 kwa sababu watu wengi wanajua kwamba nzige wekundu waliivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hesabu yenu ingemfanya bibi awe na miaka thelathini siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, akiwa na mtoto wa kwanza tu mgongoni. Si jambo lisilowezekana, lakini kwa desturi ya ndoa ya wakati ule ni la nadra sana. Nzige hao hawakuondoka upesi: uvamizi wao uliendelea hadi mwaka 1944, na bonde la Malagarasi, ambalo ninyi wa Uvinza mnalijua, ni miongoni mwa mazalio yao hasa. Nzige wa bibi yenu wanaweza kuwa wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na hapo atakuwa na umri wa miaka kumi na minane hadi ishirini siku ya uhuru, jambo linalolingana vizuri na mtoto anayenyonya.

Kabla ya kuandika chochote, muulizeni maswali yenye matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Je, anakumbuka wanaume wakirudi kutoka vita vya Hitler, vilivyokwisha mwaka 1945, au alisimuliwa tu? Alikuwa msichana wa kuchota maji au mwali wakati wajumbe wa TANU walipokutana Tabora, mwezi Januari 1958? Ikiwa kwao ni karibu na ziwa, anakumbuka maji yalipopanda yakaziingia nyumba za ufukweni, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 na kufikia kilele chake mwaka 1964, na mtoto wake wa pili alikuwa amezaliwa? Muulizeni pia ni nani aliyezaliwa kabla yake na nani baada yake miongoni mwa ndugu na majirani, kwa sababu mara nyingi mmoja wao alibatizwa misheni, na kitabu cha ubatizo kina tarehe. Mwaka mtakaokubaliana uandikwe katika kiapo cha kuzaliwa mbele ya hakimu au wakili, mkienda na mzee mmoja anayemfahamu tangu utoto, na kiapo hicho ndicho mtakachokwenda nacho kwenye ofisi ya usajili ya wilaya. Mkishindwa kupata ushahidi wowote wa zaidi, mimi ningeandika mwaka 1942.